Kainuk na Faida ya Picha

Mji usio na picha ni kama mzee asiyeulizwa habari: siku afapo, huzikwa pamoja na yote aliyoyajua. Miji mikubwa haina hofu hiyo, kwa kuwa Mombasa na Nairobi zimepigwa picha tangu zamani na wageni na wenyeji. Lakini kituo kidogo cha njiani, chenye safu mbili za maduka ya mabati, ni nani atakayekipiga picha? Wenyeji wake hukiona kila siku, basi hudhani hapana kitu cha kutazama.

Hata Uingereza vijiji vingi vilikuwa katika hali hiyo, mpaka alipotokea bwana mmoja, Francis Frith, aliyezaliwa mwaka 1822. Baada ya safari zake za Misri alifungua kampuni katika mji wa Reigate mwaka 1860, akakusudia kupiga picha kila mji na kila kijiji cha nchi yake. Yeye na watu wake walipiga kanisa, daraja, njia kuu na maduka yake, kisha picha zikauzwa kwa bei nafuu. Wakati ule zilikuwa ukumbusho wa msafiri tu. Lakini baada ya vita viwili vikuu na majengo mapya, mitaa mingi iligeuka, na picha zile zikawa ushahidi: mtu huzitazama apate kujua duka la babu yake lilisimama wapi. Kampuni ilifungwa mwaka 1971, ila picha ziliokolewa, nazo zahusu miji na vijiji kiasi cha 7,000.

Sasa na itazamwe Kainuk. Msafiri atokaye Kitale hupita Kapenguria, huteremka bonde la Marich lenye mawe na mapinduko mengi, huvuka mto Malmalte, kisha hujikuta katika mji wa kwanza wa Turkana. Mlango wa nchi ndio huo, na barabara iendayo Lodwar, Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini yaupita katikati. Barabara hiyo peke yake ni kitabu. Lami yake ya kwanza ilitiwa kwa msaada wa Norwei, ambayo uhusiano wake na Kenya ulivunjika mwaka 1990. Miaka ilivyopita, mashimo yakaila, na magari yakaacha lami yakapita mchangani kandokando. Mwezi wa Juni mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi ya Lokichar kupitia njia iyo hiyo kwenda Mombasa, na mwaka 2020 shughuli hiyo ikakoma. Aliyesimama hapo na kamera katika miaka hiyo miwili anayo picha ambayo leo haipatikani tena.

Karibu na Kainuk iko njia iendayo bwawa la Turkwel, lililojengwa baina ya mwaka 1986 na 1991. Ukuta wake una kimo cha mita 153, na mitambo yake yaweza kutoa megawati 106 za umeme. Walakini kwa miaka mingi mji wa Lodwar, ulio chini katika mto uo huo, uliwaka taa kwa jenereta za dizeli. Picha mbili zikiwekwa pamoja, ya ukuta ule na ya jenereta ile, zaeleza jambo hilo kuliko hotuba ndefu.

Lakini alama za mahali si majengo peke yake. Kandokando ya Turkwel Waturkana wana desturi iitwayo ekwar, ambayo kwayo miti ya sehemu fulani ya ukingo hutambulikana kuwa ni ya jamaa fulani, na mgeni hapasi kuchuma maganda yake kulisha mbuzi bila idhini. Iko pia miti ambayo kivulini mwake wazee huketi juu ya vigoda vyao na kukata mashauri. Kwa macho ya mpita njia huo ni mgunga tu. Kwa mwenyeji ndio baraza. Mti kama huo ukikatwa kuwa makaa, hakuna ramani itakayoonyesha palipokuwa na baraza.

Yasidhaniwe kwamba Turkana haijapigwa picha. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyefika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1960, alizipiga nyingi kaskazini, nazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford. Mohamed Amin, mwana wa Kenya aliyefariki mwaka 1996, naye aliipiga picha nchi ya ziwa lile. Kazi yao ni ya kusifiwa. Hata hivyo wageni wengi huja Kainuk siku za ukame, au siku ya pili baada ya wizi wa mifugo na mauaji kati ya Waturkana na Wapokot. Hupiga mzoga wa ng'ombe, hupiga bunduki, wakaenda zao. Mambo hayo ni ya kweli, wala si haki kuyaficha. Lakini mtoto ambaye hajaona picha ya mji wake isipokuwa yenye mzoga na bunduki, ataamini kwamba alizaliwa mahali pa mauti tu. Nani atamwonyesha mama akifungua duka asubuhi, watoto wakienda shule, na Mpokot na Mturkana wakipatana bei ya mbuzi siku ya amani?

Kazi hii yataka adabu. Uso wa mtu ni mali yake. Mwenye kamera na aombe kwanza, na akikataliwa ashukuru na kupita. Penye daraja, bwawa au kituo cha askari na aulize kabla ya kuinua kamera. Aliyepigwa apewe nakala yake, maana picha iliyochukuliwa isirudi yafanana na deni. Tena mwanga mwema ni wa asubuhi na wa jioni, kwani jua la adhuhuri huko hufuta kila kivuli na kuufanya uso kuwa giza.

La mwisho ndilo kubwa: picha isiyo na maandishi ni nusu ya picha. Siku hizi vijana wengi wana kamera ndani ya simu zao, wakapiga mamia, na simu ikiharibika yote hupotea. Heri picha ishirini zilizochapwa, kila moja imeandikwa nyuma mahali, tarehe, na majina ya waliokubali kuandikwa, kisha zikawekwa shuleni mahali pakavu pasipo mchwa. Karani ajuaye kutunza majalada na mkulima ajuaye kuhifadhi mbegu hawahitaji mwalimu wa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kuanza mapema, kabla mzee awezaye kuyataja majina hayo hajaondoka.