Siku za Kukandika

Zamani Nakivale, nyumba ilijengwa kwa siku mbili ikazungumzwa mwezi mzima. Siku ya kwanza wanaume wachache walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo za mkaratusi, wakafunga fito na matete kwa vipande vya mpira wa baiskeli uliochakaa. Siku ya pili ilikuwa ya kukandika, na hiyo ndiyo iliyomweka mwenye nyumba hadharani. Waliojitokeza wakiwa wengi, kijiji kilijua huyu ni mtu wa watu. Wakija watatu wanne na kuondoka kabla jua halijakaza, basi lipo jambo, na wenye midomo walikuwa wanalijua.

Makazi haya ya wakimbizi yalikuwepo kabla Uganda haijapata uhuru mwaka 1962. Wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda; baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, wakatawanywa kwenye maeneo ya Juru, Rubondo na Base Camp. Sisi Wakongo wa Rutshuru tulifika mwishoni mwa 2008, vita vya waasi wa Nkunda vilipoingia Kiwanja. Tulipewa shitingi ya plastiki, sufuria, jembe na kipande cha ardhi chenye miiba. Miezi ya mwanzo shitingi ndiyo iliyokuwa nyumba: mchana inachemka, usiku inadondosha jasho lake usoni mwako. Hakuna aliyekandika kwa kupenda utamaduni. Tulitaka kutoka ndani ya plastiki kabla ya mvua.

Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama pale asubuhi ya kukandika anajua kulikuwa na zaidi ya haja. Shimo la udongo lilichimbwa uani kwa mwenye nyumba, maji yakaletwa na watoto kwa jerikani, nyasi zikakatwakatwa na kumwagiwa juu. Vijana wakaingia na miguu mitupu, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakaanza kukanyaga. Hapo mwimbaji alikuwa lazima. Bila wimbo kila mguu unakwenda na hamsini zake na tope linabaki na mabonge. Kwa wimbo miguu inashuka pamoja na udongo unalainika upesi. Warundi walileta wa kwao, sisi tukaleta wa kwetu, Wanyarwanda wakaudaka katikati na kuugeuza, na ilipofika saa nne hakuna aliyekumbuka nani alianza. Wenyeji wa Ankole waliopita na ng'ombe zao walisimama kututazama, na wengine waliacha fimbo kando wakaingia.

Kazi ya ukutani ilitaka watu wawili wawili, mmoja ndani na mwingine nje. Wote wanashika donge, wanatazamana kwenye nafasi kati ya fito, kisha wanapiga kwa pamoja ili madonge yakutane katikati na kung'ang'aniana. Ukipiga peke yako, donge lako linapita na kuangukia miguu ya mwenzako. Nilipangiwa kusimama na bibi mmoja wa kutoka Masisi, mdomo wake umebaki na meno ya kuhesabika, aliyeniona nikilipaka tope kwa viganja kama ninayesiliba mafuta. "Mwanangu, usipapase," akaniambia kupitia tundu la ukuta. "Piga. Ukuta hauna aibu."

Bibi yuleyule ndiye aliyeitwa wiki mbili baadaye, tabaka la kwanza lilipokauka na kupasuka. Tabaka la pili lilikuwa la udongo uliochekechwa, majivu na samadi ya ng'ombe, nalo lilikuwa mikononi mwa wanawake. Alilipaka kwa mkono wa kulia, akirudi kinyumenyume, kisha kabla halijashika alipitisha vidole vinne ukutani: upinde, juu yake upinde mwingine, halafu pembe tatu zilizosimama kwa ncha. Alifanya mbele ya watu, hakupima wala hakufuta. Watoto walimfuata nyuma wakijaribu vidole vyao sehemu ya chini ya ukuta, na aliwaachia. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mchoro wa mtu mzima juu, na chini, usawa wa magoti, fujo ya watoto wa jirani. Mvua za Machi zilianza na ile fujo. Ilipofika Mei, upinde nao ulikuwa umekwenda, na hakuna aliyesikitika, kwa sababu baada ya mavuno ukuta ungekandikwa upya na michoro ingekuwa mingine.

Malipo yalikuwa chakula. Posho na maharage ya mgao, dagaa kama bahati ipo, na kwa wenye uwezo dumu la pombe ya kasikisi lililofichwa kwenye kivuli hadi kazi iishe. Lakini malipo yenyewe yalikuwa mkono. Ukija kwangu leo, nitakuja kwako ukijenga, au ukifiwa, au mwanao akioa. Hakuna aliyeandika popote, na bado kila mtu alijua anadaiwa na nani.

Siku hizi naishi Mbarara, kwenye chumba cha tofali kilichopigwa lipu na fundi nisiyemjua jina, na nasoma habari za sanaa kila ninapozipata. Nagundua kwamba kitu tulichokuwa tunafanya kwa kukosa mabati sasa kina wapenzi duniani. Kampala, tamasha la KLA ART la mwaka 2014 liliwatoa wasanii ukumbini na kuwakutanisha na waendesha boda, pikipiki zikageuzwa kazi za sanaa zinazopita mitaani. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Venice, na likatajwa kwa heshima na waamuzi. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizotokana na mikeka na vikapu vya wanawake wasukaji, akavifumua na kuviunga upya. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Mkono wa msukaji kupewa heshima Ulaya si jambo dogo. Ila najiuliza wasukaji wenyewe walitazamia kurudishiwa nini, kwa maana ya mkono.

Kazi ya mkono ikiheshimiwa hubebeka, na ikibebeka huacha watu nyuma. Hata si lazima ifike Venice. Imigongo ya Rwanda, ile michoro ya samadi na majivu yenye pembe kali, ilikuwa ya kuta za ndani ya nyumba upande wa Gisaka, mashariki mwa nchi. Leo ukifika Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, utaikuta juu ya vibao vya mbao, ukubwa wa kutosha mkoba wa mgeni. Vibao ni vizuri na vinalisha familia, na mimi ninacho kimoja. Vivyo hivyo kwenye makumbusho ya Igongo, pale Biharwe kwenye barabara ya Kampala, ambako vyombo vya maziwa vya Wanyankole vimepangwa kwa ustadi mkubwa. Chombo kile kilichongwa ili kifukizwe moshi wa nyasi kila mara kisha kitiwe maziwa, na moshi huo ndio uliokitia weusi na harufu. Kwenye rafu ya makumbusho kinang'aa, lakini hakuna wa kukifukiza.

Nakivale haikuacha kukandika kwa siku moja. Machi 2020 korona ikapiga marufuku mikusanyiko, na ukuta uliopaswa kukandikwa na watu thelathini ukakandikwa na mume na mke. Aprili ya mwaka huohuo mgao wa chakula ukapunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Utawaalika watu kukanyaga udongo uwalishe nini? Mtu anayeona aibu kuwarudisha majirani zake na njaa haiti mtu. Anatafuta vijana wawili, anawapa hela kidogo kidogo, na kazi inakwisha kimyakimya. Waliopata kidogo walikwenda kwenye tofali za kuchoma na mabati, na nani awalaumu? Ukuta wa tofali haubomoki mvua ikija na upepo wa ziwani. Ukuta wa tope huzaa panya na mchwa. Ninaposema nazikumbuka siku za kukandika sisemi nataka kurudi kulala ndani ya kuta za tope.

Kisha kuna ndege. Wakongo wengi walipata kupelekwa Marekani, familia kwa familia, na kila basi lililoondoka lilibeba madeni na wadai. Mtu aliyekuwa na mkono wangu yuko Iowa. Ananitumia picha za theluji kwenye WhatsApp na kuniuliza bei ya muhogo Base Camp.

Kilichobaki ni onyesho. Kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, turubai hufungwa, viti vya plastiki hupangwa, na ngoma za Warundi hufunika kila sauti nyingine, nazo zinastahili: watu wanaocheza huku ngoma iko kichwani hawahitaji kipaza sauti. Meza za vikapu ziko kando. Mwaka mmoja shirika moja liliandaa pia ukuta mdogo wa fito, usawa wa kifua, ambao haukuwa wa nyumba yoyote, na wageni wakaalikwa kutia mkono. Tope lilikuwa limeshakanyagwa jana yake. Kila mgeni alibandika donge, akapigwa picha, akamwagiwa maji ya chupa viganjani. Ukuta ulikuwa na upande mmoja tu wa watu; upande wa pili aliwekwa mpiga picha. Madonge yalikuwa yanamwangukia, na yeye alikuwa anacheka. Vijana wetu walifurahi kwelikweli, na mmoja aliniambia hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukandika. Amezaliwa Juru.

Sikupenda ukuta ule, ingawa wengine wanaona bora hivyo kuliko kutokuwepo kabisa. Kukandika kulikuwa na watazamaji pia, tena wakali kuliko wageni wa Juni. Tofauti niliyoiona ni kwamba aliyetia mkono pale hakumkopesha mtu. Aliondoka hadaiwi, na hamdai yeyote.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa watu wakiwa wameshaaga. Baba mmoja wa New Congo alikuwa ameuza mabati, mlango na madirisha, maana hakuna anayepanda ndege na mlango. Bila mabati mvua iliingia, na nyumba ilibaki kuta mbili na nguzo. Nilikwenda toka Mbarara Jumamosi moja ya kiangazi, nikakuta ameita watu kama zamani. Tulikuja saba. Wawili waliuliza kabla ya kuvua viatu ni shilingi ngapi kwa siku. Akawajibu ni posho na maharage, wakabaki, ila wakawa wanaangalia simu. Mwimbaji hakuwepo. Mzee mmoja alijaribu, sauti ikamkatikia, na tukakanyaga kila mtu na mwendo wake mpaka mama wa nyumbani akatoka jikoni na kuushika wimbo kutoka pale ulipoangukia. Tulikandika ukuta wa mbele wawili wawili, ndani na nje, ukasimama vizuri. Tulipofika ukuta wa nyuma tulikuwa tumebaki watu watatu, na mmoja alikosa wa kupiga naye. Upande ule ulimaliziwa wiki iliyofuata na vijana wa kibarua, shilingi elfu kumi na tano kila mmoja, na baba yule alizikopa kwa muuza mkaa.