Nishani za Wapagazi

Nishani ya askari wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa husomwa ukingoni. Pale huchongwa namba yake, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo hata fundi wa kupigilia farasi viatu, ambaye hakuongoza vita yoyote, huacha habari zake: wajukuu wanaweza kutafuta alijiunga lini, alitumikia wapi na alistaafu na cheo gani.

Katika njia ya Bagamoyo kuja kwetu Unyanyembe fundi huyo angekaa bure. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili. Wote walikufa siku za mwanzo tu. Mizigo ya njia ile ilikwenda kwa mabega ya watu. Je, nao waliachiwa nini cha kusomwa?

Wapo waliopewa nishani. Livingstone alipofariki Mei 1873, Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, Myao, pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kuupeleka pwani. Oktoba walifika Kwihara, karibu na Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakafunga vijiti kwa nguo mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi navyo hadharani, kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa mtumba wa nguo. Nani atamshangaa mpagazi mwenye mtumba? Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikatengeneza nishani 60 za fedha, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni, na maneno yenye maana ya “mwaminifu hadi mwisho”. Uaminifu ni sifa njema, lakini ndiyo sifa ambayo bwana humpa mtumishi. Ujanja wa Kasekera haumo. Cheo pia hakimo, ingawa msafara ulikuwa na vyeo vyake, kirangozi na mnyapara, vilivyopatikana kwa jasho.

Tena zilichelewa. Wenyewe walikuwa wamekwisha kulipwa ujira na kutawanyika. Novemba 1874 baadhi yao walikuwa wameondoka tena Bagamoyo na Stanley, mitumba mabegani.