Mpanda: Kabla ya kuwasha muziki, soma adapta

Reli inayochepuka Kaliua huishia Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Ukitoka stesheni kuingia mjini, muziki unakupokea: kinyozi ana wake, muuza vocha ana wake, na kwenye maduka ya vifaa vya umeme spika zimepangwa hadi barazani.

Kati ya spika hizo zipo amplifaya ndogo, nyingine hazizidi kiganja. Mzazi hununua moja ili sebuleni kuwe na muziki na taarifa ya habari. Mara nyingi huuzwa bila adapta. Akifika nyumbani, huchomeka adapta yoyote ya zamani ambayo pini yake inaingia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Umeme hapa una historia yake. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli za Tanesco, na vijijini, kuelekea Inyonga, Mishamo na Karema, familia nyingi hutumia sola. Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize: nyumbani itawashwa na nini?

Kwa wenye umeme wa Tanesco, ukutani kuna volti 230. Adapta ndiyo inayozishusha, na kwenye kibandiko chake kuna mambo matatu ya kusoma.

Kwanza, volti. Zilingane na zilizoandikwa kwenye amplifaya. Inayotaka volti 12 pekee inaweza kuungua ukiipa adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19.

Pili, ampea. Zilingane au zizidi, kwa kuwa amplifaya huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, adapta inazidiwa, inachemka na sauti inakwaruza. Zidisha volti kwa ampea upate wati: volti 12 kwa ampea 5 ni wati 60. Adapta ya volti 12 na ampea 1 ina wati 12 tu.

Tatu, chanya na hasi. Mchoro mdogo wa duara unaonyesha katikati ya pini ni chanya au hasi. Michoro ya adapta na amplifaya ifanane.

Kwa wenye sola, betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa inaweza kupita volti 14. Hakikisha amplifaya inazivumilia, na fundi aweke fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Bila fyuzi, waya zikigusana zinaweza kuwaka moto.

Adapta hukaa sakafuni nyuma ya kochi, mahali ambapo mtoto anayetambaa hufika kwanza. Iweke juu, usiifunike kwa kitambaa. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, au inanuka kuungua, zima ukutani na usiitumie tena. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ichomoe kabla radi haijakaribia.

Moto ukitokea, usimwage maji kwenye umeme. Toa watoto nje, zima swichi kuu kama unaifikia salama, kisha piga 114, namba ya Zimamoto.

Ukienda dukani, beba amplifaya yako. Omba ipigwe nusu saa kwa adapta unayotaka kununua, kisha iguse. Ya vuguvugu haina neno. Inayochoma mkono wako dukani itachoma wa mtoto nyumbani.