Kiwanja Kinachongoja

Ukitembea Nairobi utaona mboga zimestawi kando ya reli na kando ya mito. Na huko Kibera utaona sukuma wiki zimechipua ubavuni mwa magunia yaliyojazwa udongo. Wako wasemao kuwa jembe mjini ni aibu, na kwamba ardhi yenye thamani kubwa yataka nyumba. Wako pia wasemao kuwa kung'oa mboga za maskini ni dhuluma. Nimewasikiliza wote, wala sikuona aliye mwongo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa, na papo hapo yampa haki ya kutokuwa na njaa. Hoja yangu, basi, si nyumba wala mboga, bali ni kiwanja kinachongoja. Ardhi ya mjini aghalabu haijengwi siku inaponunuliwa. Hungoja fedha, hungoja kibali, au hungoja bei ipande. Na huenda ikangoja miaka mingi.

Tazama yaliyotukia Los Angeles, Marekani. Tangu mwaka 1994 jamaa wapatao 350 walilima kiwanja cha ekari 14 kwa ruhusa. Mwaka 2003 mji ulikiuza, na Juni 2006 wakulima wakaondolewa kwa nguvu. Mnunuzi alikuwa na haki ya sheria. Lakini kiwanja kilikaa zaidi ya miaka kumi bila jengo. Mboga zilitoka, na nyumba haikuingia.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi kama mkulima hajui siku ya kuondoka. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kiwanja na mkulima na waandikiane mkataba wa msimu hadi msimu. Mkulima apande mazao ya miezi michache, wala asinyweshee maji machafu ya mifereji, kwani mboga iletayo maradhi si chakula.

Siku ya matofali ikifika, jembe na litoke kwa amani. Lakini kabla ya siku hiyo, niambie, msomaji: udongo mwema wafungiwa nyuma ya mabati kwa faida ya nani, na jirani analala na njaa?