Moto Usiozimwa kwa Maji

Fundi aliyenifunza kusubu tumemzika mwaka huu kwao Sengerema. Pale msibani nikasikia fundi kijana akidai kwamba mzee aliogopa maji. Siwezi kuliacha neno hilo lipite.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Nilipomaliza darasa la saba nilivuka kuja Mwanza, nikapata kazi Makoroboi kwa watu wa skrapu, tukiyeyusha alumini ya injini chakavu na kusubu sufuria.

Ndani ya lundo hazikukosekana bloku za Volkswagen Beetle, nyepesi ajabu. Mzee alikwangua kwa tupa, akadondoshea siki. Ikitoa mapovu, anakitenga kipande. "Hii si alumini, mwanangu. Hii magnesi." Zote mbili huyeyuka kwenye nyuzi 650 na ushee, lakini alumini hujivika ngozi ya oksidi inayobana. Ngozi ya magnesi ina vitundu. Hewa hupenya, magnesi ikawaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho.

Fundi wa tanuri la jirani alishikilia kwamba kosa ni la joto, basi dawa yake maji. Maji! Magnesi inayowaka huyapokonya maji oksijeni, hubaki haidrojeni, nayo hulipuka. Ndoo yake moja iling'oa mabati ya banda. Mzee alitupia chumvi ya Uvinza iliyokaushwa vizuri, moto ukakosa hewa, ukafa. Wakati wa kumimina magnesi alinyunyiza salfa ya unga, ileile ya wakulima wa korosho wa Mtwara, na nyingine aliichanganya na mchanga wa kalibu. Moshi wake hukaba koo, lakini uso wa uji ule ulitulia kama maziwa yaliyoganda.

Viwanda vikubwa vya nje navyo viliifunika magnesi: vilitumia gesi ya SF6, ambayo hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dioksidi. Sasa wapo wanaotia kalsiamu, hata asilimia 1 tu, na ngozi inaziba yenyewe. Mzee hakuijua kalsiamu. Alijua kwamba vita yote iko kwenye ngozi, na hapo ndipo jirani yake hakufika mpaka leo.

Nyinyi vijana, pimeni kwa siki kabla ya kutia kitu tanurini. Kausheni kalibu, upawa na hata koleo, hasa masika, mchanga wa ufukweni unapokuwa na unyevu. Debe la chumvi liwe na mfuniko, na likae mahali mkono unapofika.