Tembo la Rabai na Kaloleni, na Sababu za Kuharibika Kwake

Msafiri aondokaye Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, afikapo Mazeras, huona njia iendayo upande wa kuume kuelekea vilima vya Rabai. Huko ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha misheni mwaka 1846, na kanisa lililojengwa mwaka 1887 lingali limesimama. Njia hiyo huendelea hadi Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Mahali pote hapo mwenye kutawala ni mnazi. Humpa mwenyeji makuti ya kuezekea, nazi za kupikia, madafu ya mgeni, na tembo la wazee.

Kulipopambazuka, mgema huonekana juu ya mnazi akiwa na kotama yake kiunoni. Karara ambalo bado halijafunguka hufungwa kwa kamba, likakatwa ncha, kisha chini yake kikaangikwa kibuyu. Asubuhi na jioni mgema hupanda tena, akateka kilichodondoka na kukata kipande chembamba ili utomvu usizibe. Kazi hii ni ya hatari, kwa kuwa mnazi mrefu haumsamehe ateleaye. Tena ina gharama nyingine isiyoonekana: karara ligemwalo halizai nazi. Kwa hiyo tembo likiharibika, mwenye shamba amekosa vyote viwili, nazi na fedha ya tembo.

Hasara hiyo si ya fedha tu. Miongoni mwa Wamijikenda posa haiendi mikono mitupu, na tembo ni sehemu ya heshima wapewayo wazee. Watu waletao tembo lenye harufu mbaya mbele ya wakwe hurudi nyumbani wameinamisha vichwa.

Basi ni nini kiharibucho ladha yake? Yafaa kwanza kujua jinsi lifanyikavyo. Utomvu utokapo katika karara ni mtamu, kwani katika kila sehemu 100 za utomvu huo, zaidi ya 10 ni sukari. Chachu iliyomo hewani na kibuyuni huivamia sukari hiyo mara moja, nayo huigeuza kuwa kileo na hewa itoayo povu. Kwa joto la pwani kazi hiyo ni ya saa chache tu. Baadaye huja vijidudu vingine, ambavyo huchukua kileo na kukigeuza kuwa siki. Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza katika miaka ya 1860 kwamba siki hufanywa na viumbe hai vyenye kuhitaji hewa. Ndiyo sababu tembo la asubuhi huwa tamu, la jioni likawa kali, na la kesho kutwa likafaa kutiwa katika kachumbari.

Ukali wa siki ukija mapema, kosa hutafutwa kwanza katika chombo. Wagema wengi huacha masimbi kidogo kibuyuni ili tembo lichachuke upesi. Masimbi ya jana yaweza kufaa, lakini yaliyokaa siku nyingi yamekwisha kuwa makao ya siki. Hapana budi kibuyu kioshwe kwa maji ya moto, kisha kianikwe juani mdomo ukielekea chini. Tembo lenyewe liwekwe kivulini, katika chombo kilichojaa, kwa kuwa nafasi kubwa ya hewa huharakisha siki. Hata hivyo kizibo kisikazwe sana, maana hewa ya povu hupasua chombo.

Tembo lenye kuvutika kama mlenda nalo limeingiliwa na vijidudu, na dawa yake ni ile ile ya maji ya moto. Harufu ya ukungu hutokana na kibuyu kilichowekwa kikiwa na unyevu. Harufu ya uozo mara nyingi ni ya nyuki na sisimizi waliofuata utamu wakafa ndani. Mdomo wa kibuyu ufunikwe vizuri huko juu mtini, na tembo lichujwe mara tu lishushwapo, wala lisingojee kufika sokoni. Kilifu safi cha mnazi huchuja vema.

Kosa la siku hizi ni mtungi wa plastiki. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa hushika harufu yake, na sabuni haiiondoi kabisa. Uliobeba dawa ya mimea usitumiwe kamwe kwa kitu chochote cha kunywewa, kwani hapo jambo si ladha tena bali ni uhai.

Mwisho ni tembo lililopooza, lisilo na utamu wala ukali. Wakati wa masika huenda mvua imeingia kibuyuni, na kifuniko kizuri chatosha kuizuia. Lakini wakati wa kiangazi mnywaji ana haki ya kumtazama mwuzaji usoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao walikuwa wamekwisha kulionja. Maji huongeza kipimo kwa siku moja, na siku ya pili mteja huenda kwa mgema mwingine.

Katika vilima hivi tembo huhesabiwa umri wake kwa saa. Mgema aoshaye vyombo vyake, achujaye mapema, na auzaye siku ile ile aliyogema, hahitaji kulisifu tembo lake. Wazee watakunywa, watanyamaza kidogo, kisha watauliza limetoka shamba la nani.