Ushindi Tulioupata Bila Kucheza



Sisi makapita tuliombwa kuandika ukurasa mmoja juu ya mupira, kwa sababu kombe la madarasa linaendelea. Tulitaka kuandika habari ya Englebert ya mwaka 1967, basi. Lakini hatuwezi kuiandika ile bila kutaja yetu, na wengi wenu munaijua tayari, ao munajua nusu yake.

Kombe letu ni la kutoana: ukifungwa, unakwenda kuketi. Katika nusu-fainali sisi wa darasa la mwisho tulipaswa kucheza na ya pili, siku ya posho saa tisa. Siku ya ine mwalimu wa michezo akatuita. Waimbaji wa makanisa watakusanyika kiwanjani siku ya posho, kwa hiyo mechi itachezwa siku ya tano, kiisha masomo. Mwende kuarifu madarasa yote mawili. Tukaitika ndiyo.

Siku ya tano tulivaa, tukaingia kiwanjani, tukangoja. Ya pili walikuwa wamekwisha kufika kwao, wengine Mudzipela, wengine Nyakasanza. Mwamuzi akatazama saa dakika kumi na tano, akapiga filimbi: fofe. Tumeingia fainali! Tuliimba mpaka kwenye lango.

Jioni tulipokuwa tunarudisha nyavu depo, tukamkuta mzee anayelinda masomo usiku. Akauliza:

"Batoto, mulifunga ngapi?"

"Hatukucheza, Baba. Ya pili habakuya."

"Mulibaambia?"

Hatukujibu. Akacheka kidogo, akasema, "Hii ni bitu ya Englebert na Kotoko," akaketi juu ya kiti chake.

Mzee huyu alikuwa kijana mdogo wakati ule, na mpaka leo roho yake iko kwa timu ya Lubumbashi, ile ambayo sisi tunaiita Mazembe. (Ilianzishwa mwaka 1939 na wapadri Wabenedikto. Sisi Waprotestanti tusione wivu. Jina Englebert lilikuwa la matairi ya motokari.) Kombe la mabingwa wa Afrika lilikuwa jipya, na lilikuwa la kutoana kama letu, ila walicheza kwenda na kurudi. Mwaka 1967 Englebert walifika fainali na Asante Kotoko wa Ghana. Kule Kumasi 1-1. Huku Kinshasa 2-2. Penalti za kuamua mshindi hazikuwapo bado, sheria ile ililetwa mwaka 1970 tu. Ikaamuliwa wacheze mara ya tatu, katika inchi ya Kamerun.

Englebert wakafika. Kotoko hawakuonekana. Inasimuliwa mpaka leo kwamba habari ya mechi ilifika kwa wakubwa wa mupira wa Ghana, lakini wao hawakuipeleka kwa wachezaji. Kombe likapewa Englebert.

Tuliona kitu kimoja. Alipofika kombe la 1968, mzee alisimama. Alihesabu kwa vidole: Étoile Filante wa Togo walifungwa 5-0, halafu kwao wakashinda 4-1, haikuwasaidia kitu. Englebert walikuwa wa kwanza kushika kombe lile mara mbili kwa kufuatana, na hakuna timu iliyofanya vile tena mpaka Enyimba wa Nigeria, 2003 na 2004. Aliyasema yale yote kwa sauti kubwa. Ile ya 1967 aliisema ameketi, sauti chini.

"Na Kotoko, Baba?"

"Barikuya." Katika kombe la 1970 walikutana tena kwa fainali. Kumasi 1-1, sawasawa na zamani. Kisha Kotoko wakaja Kinshasa, wakashinda 2-1 mbele ya watu wetu. "Ile siku," mzee akasema, "hakuna mutu aliuliza kama habari ilifika."

Sasa yetu. Kuna wanaosema tulifanya kwa makusudi. Hapana. Tulisahau. Lakini siku ile ya ine tulikumbuka kuarifu darasa letu, tena mara mbili, na kumtuma mtu kwa goalkipa wetu aliyekuwa mgonjwa. Tuliwasahau wale tu. Usiku ule hatukupata njia ya kuizunguka hiyo.

Siku ya kwanza asubuhi tulikwenda kwa Bwana Prefe pamoja na mwalimu wa michezo, tukaeleza. Tulidhani tutanyang'anywa ukapita. Bwana Prefe aliuliza tu kama darasa letu linajua tumekuja. Hawakujua. Akatutuma kuwaambia sisi wenyewe, na hiyo ilikuwa nzito kuliko azabu. Kapiteni wetu wa mupira hajatusalimu mpaka leo. Mwingine alisema Englebert hawakurudisha kombe, mbona sisi? Ni kweli, hawakurudisha. Hatukuwa na jibu, na tungali hatuna.

Ya pili nao walikasirika, kisha wakaanza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi.

Basi muarifiwe wote: nusu-fainali, darasa la mwisho na ya pili, itachezwa siku ya posho saa tatu asubuhi, kiwanja cha masomo. Tangazo tumelibandika kwenye mlango wa ya pili, na kapita wao ametia sahihi kwamba ameliona.